Nyimbo za kuchangamsha kwa mwenye sauti ya baritoni: kwa wanaoanza karaoke Dar

Kama ndiyo unaanza karaoke na sauti yako ni nzito, jua kwanza kwamba ubeti unadanganya. Wimbo unaanza chini, unauona umekukaa vizuri kabisa, unanipungia mkono mimi mwendeshaji wa mitambo kwamba mambo safi. Halafu kinakuja kiitikio, yaani sehemu ambayo ukumbi mzima ulikuwa unaisubiri, nacho kinapanda mpaka sauti yako inaishia njiani. Mishipa ya shingo inatoka, maneno yanageuka kelele, na meza ya mbele wanarudi kwenye simu zao. Mimi hukaa upande wa mitambo, mara Sinza, mara Kinondoni, na hili naliona karibu kila usiku wa karaoke. Mara nyingi anayeanguka hivyo ana sauti nzuri kuliko wote waliomtangulia. Alichokosea ni wimbo.

Wengi wenu mmetoka kwaya, na kwaya imewazoesha vibaya kidogo kwa jambo hili. Pale kuna sauti nne: ya kwanza na ya pili za akina mama, ya tatu (tena) na ya nne (besi) za akina baba. Baritoni, yule aliye kati ya hizo mbili za akina baba, hana benchi lake. Akipelekwa sauti ya tatu anakamuliwa juu, akipelekwa ya nne anatafuta nota za chini ambazo hana. Kwa hiyo anakua akiamini kwamba yeye ni tena dhaifu au besi asiyekomaa, kumbe wanaume wengi tu wako hapo katikati. Na akija karaoke, anachagua kwa imani hiyohiyo.

Jipime kabla hujachagua. Pakua kwenye simu programu ya bure ya kutyunia gitaa, ile inayoandika jina la nota unapotoa sauti. Shuka taratibu kwa "aa" mpaka mahali sauti inaanza kukwaruza, uandike nota ya mwisho iliyotoka safi. Kisha panda bila kupiga kelele. Baritoni wa kawaida atakuta anaanzia karibu na A2 (herufi ni jina la nota, na namba ikiwa kubwa nota iko juu zaidi), yaani mitetemo 110 kwa sekunde, na huko juu anaanza kuhangaika kuanzia D4 au E4, juu kidogo ya C ya kati. Anaweza kugusa F4, hata G4 siku njema, lakini kugusa na kukaa ni mambo mawili. Hiyo nota unayoweza kukaa nayo kwa raha ndiyo kipimo chako. Sasa sikiliza kiitikio cha wimbo unaoutaka, uimbe nao huku programu imewashwa, utazame nota ndefu zinaangukia wapi. Zikikaa juu ya E4 mstari baada ya mstari, achana nao, au njoo tuzungumze habari ya kushusha kii, yaani kimo cha wimbo mzima. Ubeti usiupime kabisa, unapoteza muda.

Watu wenye sauti nzito hukimbilia nyimbo za polepole kwa kudhani ndizo zao. Mimi naona kinyume. Wimbo wa polepole unakudai ushikilie nota ya juu kwa sekunde kadhaa, mbele za watu, bila pa kujificha. Wimbo wa haraka unakupitisha juu ya nota hiyo mara moja na kukurudisha chini. Ukiimba kwenye mapigo 100 hadi 125 hivi kwa dakika, F4 inakuwa ni silabi moja tu, unaipiga kama unamwita mtu ng'ambo ya barabara, imekwisha. Tatizo la nyimbo za haraka ni pumzi na matamshi, siyo urefu wa nota, na hayo mawili yanafundishika kwa mazoezi. Nisikudanganye lakini: singeli uiache. Mapigo yake yanapita 200 kwa dakika, na sauti nzito ikikimbizwa hivyo konsonanti zote zinayeyuka.

Mtego mwingine ni kantri. Dar hii tumelelewa na Jim Reeves na Don Williams kwenye redio za wazee wetu, na sauti zao ni zetu kabisa, baritoni na besi-baritoni. Mtu akianza na Don Williams anasikika vizuri sana, na ukumbi unalala. Saa nne na nusu usiku Ijumaa hakuna aliyelipa bajaji kuja kusinzia. Kama ni lazima Don Williams, chukua "Tulsa Time" ya mwaka 1978: ina mwendo, ina kodi mbili tu (yale makundi ya nota yanayopigwa pamoja kwenye gitaa) tangu mwanzo hadi mwisho, na haipandi popote pa kukutisha. Kwa Kenny Rogers, "The Gambler" inakubalika kwa sababu kiitikio chake watu wanakijua, ila ujihadhari, katikati inapanda nusu hatua, yaani nota zote zinasogea juu kidogo. Ukiwa tayari umeanza kwenye ukingo wa sauti yako, hiyo nusu hatua ndiyo itakayokuangusha.

Sasa nyimbo zenyewe. Nakupa ninazoziona zikifanya kazi kwenye kumbi zetu, siyo orodha ya dunia.

Wa kwanza kabisa ningemwambia kijana aanze na "Daddy Cool" ya Boney M., 1976. Ile sauti nzito ya kiume ndani yake ni ya mtayarishaji wao, Frank Farian, aliyeirekodi studio. Bobby Farrell mliyekuwa mkimwona kwenye video alikuwa anacheza na kufuatisha mdomo. Sehemu yako ni fupi, iko chini, inarudiwarudiwa, na akina dada wa meza zote wanaimba zilizobaki bila kuombwa. Hakuna wimbo unaokupa heshima kubwa kwa kazi ndogo kiasi hicho. Kutoka hapo nenda kwa Barry White, "You're the First, the Last, My Everything" ya 1974. Huyu anataka kifua zaidi, na ule mwanzo wa kuongea usiuharakishe. Wengi wanauona wa aibu wanauruka, ilhali ukumbi ukisikia sauti nzito inaongea taratibu kwenye maiki kabla ngoma hazijaingia, unanyamaza wenyewe.

"Ring of Fire" ya Johnny Cash, 1963, ni nyingine salama. Tuni yake inazunguka eneo dogo, na tarumbeta zinakupa nafasi ya kuvuta pumzi kila baada ya mstari. Elvis pia, lakini kwa "Suspicious Minds" ya 1969 kaa macho: katikati mwendo unabadilika na kuwa wa polepole, kisha unarudi ule wa kwanza, na karibu na mwisho muziki unafifia kana kwamba umekwisha, halafu unarejea. Nimeona mtu amekwisha kurudisha maiki mezani, anainama kupokea makofi, na wimbo unaanza upya nyuma yake. Kama ala tuliyo nayo, yaani muziki usio na sauti ya mwimbaji, imefuata rekodi ile, baki palepale uendelee kucheza.

Lionel Richie, "All Night Long" ya 1983, kwa Dar huwa haikosei, na ukifika pale anapotaja "karamu" utasikia meza zinaitikia. Yale maneno ya katikati yanayosikika kama lugha ya Kiafrika yasikuhangaishe. Aliyabuni tu, hayamo katika lugha yoyote, kwa hiyo hakuna wa kukusahihisha. "Never Gonna Give You Up" ya Rick Astley, 1987, inawatega watu kwa upande mwingine: wanasikia sauti nene ya yule kijana wanadhani wimbo wote uko chini. Ubeti ndiyo. Kiitikio kinataka nguvu. Shusha nusu hatua mbili, utaimaliza ukiwa unatabasamu.

Za nyumbani ndizo ngumu. Bongo Fleva ya kuimba, hasa ya akina Diamond Platnumz na Ali Kiba, imejengwa juu ya sauti ya tena, na kiitikio ndiyo kipo juu kuliko vyote. Baritoni akiishusha oktavu nzima, yaani nota zilezile ngazi nane chini, anaimba nota sahihi lakini wimbo unakufa, kwa sababu ile raha ilikuwa kwenye urefu wenyewe. Kuna njia ya kuzunguka: chana. Kwenye mistari ya rapu hakuna anayekuuliza tena au besi, kinachotakiwa ni wakati, pumzi na maneno yasikike, na sauti nzito inazidi kunoga hapo. Chukua "Zali la Mentali" ya Profesa Jay: wewe unachana hadithi, kiitikio cha Juma Nature unawaachia watu, wanakijua kuliko wewe. Kama ukumbi ni wa wenye miaka thelathini na kuendelea, hutaisikia spika kwa kelele zao.

Muziki wa dansi ungekuwa kwetu kabisa. Remmy Ongala, ambaye pale Sinza kituo bado kinaitwa kwa jina lake, alikuwa na sauti nzito yenye mkwaruzo na nyimbo za kuchezeka, nusu anaimba nusu anasimulia. Shida ni ala zisizo na sauti; za dansi ni adimu mno, na nyingi zinazopatikana ni za kinanda cha kujiprogramia, zinatia huruma. Muulize mwendeshaji mapema kabla hujajiandikisha, umsikilizishe kwenye simu ukikuta yako.

Usipuuze nyimbo za wanawake wenye sauti nene. "Vulindlela" ya Brenda Fassie, 1997, ukiiimba oktavu moja chini inaangukia mahali pazuri, tofauti na Bongo Fleva ya juu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa anaimba kileleni, na ile korasi ya kuitikiana inabebwa na watu. Sijui kwa nini wanaume wanaogopa hili. Hakuna aliyewahi kucheka.

Habari ya kii. Mashine na programu nyingi za karaoke zina kitufe cha kupandisha na kushusha, kila mbonyezo ni nusu hatua moja. Njoo uniambie "shusha mbili" kabla wimbo haujaanza, siyo katikati huku ukinifanyia ishara za mikono ambazo sizielewi. Kushusha mbili au tatu hakuna atakayegundua. Ukishusha tano, ala zinaanza kusikika kama zinatoka ndani ya pipa, na besi ya gitaa inazama hadi kwenye sauti yako, mnagombana. Wimbo unaohitaji kushushwa hivyo si wako, tafuta mwingine. Kwenye baa ndogo zinazotumia YouTube moja kwa moja hali ni tofauti: pale kuna kitufe cha kasi tu, kii haibadiliki. Ila ala za wimbo mmoja mara nyingi zimewekwa kwa kii kadhaa, na watengenezaji wengi huandika kwenye jina la video kwamba hii ni ya chini. Itafute nyumbani, uhifadhi kiungo, uje nacho.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wenye sauti nzito wanapopotea hata kama wimbo umechaguliwa vizuri. Nyimbo za kuchangamsha zina ngoma ya chini na gitaa la besi vinavyopiga muda wote, na sauti yako inaishi jirani navyo. Mwenye sauti ya tena anapita juu yavyo kirahisi, wewe unamezwa. Halafu unafanya kile ambacho kila mtu hufanya, unaisogeza maiki mpaka inagusa midomo na kukibana kile kichwa chake cha wavu kwa kiganja. Maiki hizi za mkononi zina tabia ya kuongeza besi kadiri unavyozikaribia, kwa hiyo unazidi kuwa mzito na kuzidi kutoeleweka, na kiganja juu ya wavu kinaita mluzi wa spika. Shika mpini. Acha nafasi ya vidole vitatu au vinne kutoka mdomoni, na ukipiga nota ya nguvu rudisha maiki nyuma kidogo. Niombe nipunguze besi kwenye chaneli yako na eko (mwangwi) pia, eko ni tamu kwa wimbo wa mapenzi lakini kwenye wimbo wa haraka silabi zinapandana. Zaidi ya yote, tamka. Piga "t" na "k" kwa makusudi, hata ukijiona unazidisha. Kule meza za nyuma karibu na jiko wanasikia konsonanti tu, irabu zote zimekwisha njiani.

Kama bado una hofu ya kupanda peke yako, tafuta rafiki mwenye sauti ya juu mgawane. "It Wasn't Me" ya Shaggy, iliyotoka 2000, imekaa hivyo tangu ilipotungwa: Shaggy chini anabwabwaja, Rikrok juu anaimba. Wewe ni Shaggy. Mfanye mazoezi ya kupokezana, kwa sababu mkigongana kwenye mstari mmoja wote mnapotea.

Kuhusu saa ya kupanda, jiandikishe mapema. Kabla ya saa tatu ukumbi una watu wachache, koo halijachoka kwa kupiga kelele za mazungumzo, na mwendeshaji ana muda wa kukujaribishia kii. Wimbo wa kwanza chukua "Daddy Cool" au Cash. Ule mgumu uandikishe kwa saa tano, ukishajua spika za siku hiyo zinasemaje.