Unataka kupiga picha za maua? Anza kwa kuijua saa ya ua lako

Wiki iliyopita msichana mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, aliniandikia. Ameiona ile picha yangu ya asumini iliyotundikwa ukumbini kwenye hoteli moja huko Nyali, akauliza: "Dada, mimi ndiyo naanza, nina simu tu. Ninunue kamera gani nipige maua kama yako?" Nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na kazi ya arusi, lakini swali lake limekaa nami. Ndilo ninaloulizwa kila mara, na jibu langu ni lile lile: usinunue kitu kwanza. Ile picha niliipiga kwa simu.

Najua wengi mnaonisoma mna hamu ya kufika mbali. Mnataka picha zenu ziuzwe, zitundikwe, zitajwe. Mimi nilitaka hayo na bado nayataka, wala sioni haya kusema. Basi leo niwaeleze nilikopita.

Nilianza na haibiskasi nyekundu iliyoota ukutani kwetu Tudor. Nilikuwa nikirudi nyumbani kula chakula cha mchana, na kabla sijavua viatu nimeshatoa simu. Kwa macho lile ua lilikuwa zuri ajabu: mikunjo, mishipa myembamba inayokimbilia kooni, na ule mlingoti wa katikati wenye vidoa vya njano. Kwenye picha palikuwa na doa jekundu tu. Hakuna mshipa, hakuna mkunjo.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye, na yafaa uielewe mapema. Mombasa iko kama nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo saa sita mchana jua liko karibu na utosi, na mwezi wa Machi na wa Oktoba hupita wima kabisa. Mwanga wa aina hiyo huchoma sehemu za juu za ua na kuacha kivuli kizito chini yake. Isitoshe, kamera ikipima mwanga hutazama picha nzima, pamoja na yale majani yenye giza yanayolizunguka ua, ikaongeza mwanga. Rangi nyekundu ikajaa kabla ya nyingine, ikafuta mishipa na mikunjo. Ikishajaa imejaa, huwezi kuirudisha hata kwa programu gani. Kwenye simu, gusa ua kwenye kioo, kisha telezesha kidole kushuka mpaka mishipa ya petali ionekane tena. Kwenye kamera, punguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua au hatua nzima (hatua moja hupunguza mwanga kwa nusu). Maua meupe nayo yanataka hivyo hivyo. Lakini dawa kubwa kuliko hizo ni kungoja, na nitaisema tena na tena.

Wakati huo nilijiunga na kundi la wapiga picha waliokuwa wakikutana kando ya bahari pale Mama Ngina mwisho wa wiki. Nilikwenda kwa adabu zote, nikakaa pembeni, nikasikiliza. Mkubwa wao alikuwa mtu wa lenzi ndefu na maneno mengi. Siku nilipopata ujasiri wa kumwonyesha kazi yangu, alizipitisha picha kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, bila kusimama hata kwenye moja. Akanirudishia simu na kusema mbele ya watu wote: "Dada, maua ni ya kadi za pole. Nenda katafute watu upige." Wakacheka. Nilicheka nao kwa kukosa la kufanya, nikapanda matatu nikarudi nyumbani. Nimemsamehe. Kusahau sijasahau, na kila nikipita pale Nyali nikaiona asumini yangu ukutani, uso wake hunijia. Kwa hivyo wewe unayeanza, mtu akiidharau kazi yako usibishane naye. Bishana kwa picha.

Aliyenifundisha hasa hakuwa na kamera. Ni mama mmoja anayetunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, Mji wa Kale, barazani kwake, na wateja wake wengi ni wanawake wanaokwenda arusini. Nilimwendea adhuhuri moja nikimwomba nipige asumini zake.

"Watafutani saa hizi, mwanangu?" akaniuliza. "Asumini yalala mchana. Njoo baada ya alasiri."

Nilirudi. Sinia lilikuwa chini, juu yake kitambaa kilichoroweshwa maji, na juu ya kitambaa tumba za asumini zilizochumwa zikiwa bado zimefumba, nyeupe zenye ukijani kidogo shingoni. Pembeni majani ya mrehani na vipande vya mkadi. Akawa anatunga, uzi mdomoni, mikono haitulii, nami nimekaa kimya. Jua lilipozama nyuma ya nyumba za ng'ambo, mwanga wa uchochoro ule ukalainika, hakuna kivuli kikali popote. Na hapo tumba zikaanza. Petali moja ya nje hulegea kwanza, inajitenga na wenzake kwa upana wa ukucha, halafu nyingine, kisha ua zima linakaa wazi na harufu inajaa baraza. Buibui lake jeusi lilikuwa limeangikwa nyuma ya sinia, nikalifanya pazia. Simu niliiweka juu ya mbuzi ya kukunia nazi ili mkono usitikisike, nikazima flashi, nikamwomba asiwashe taa ya njano ya mlangoni, nikapunguza mwanga mpaka weupe ukaacha kung'aa kupita kiasi. Nikapiga. Picha hiyo ndiyo iliyoko Nyali.

Mnaona basi? Fundi wa picha ile ni yule mama, kwa sababu yeye ndiye aliyeijua saa. Kila ua lina saa yake, na mtu asiyeijua atanunua lenzi hadi afilisike. Haibiskasi hufunuka asubuhi, na maua yake mengi huwa yamenyauka siku hiyo hiyo. Ukilitaka likiwa safi, kabla chungu na jua hawajalifikia, uwe pale saa moja asubuhi. Yungiyungi la samawati hufunguka asubuhi likafumba alasiri, kwa hivyo anayekwenda bwawani saa kumi akakuta limefumba asiseme hana bahati.

Kisha kuna mbuyu. Tuna mibuyu mikubwa pale Mama Ngina, watu wanapiga picha za arusi chini yake kila wiki, na ni wachache sana waliowahi kuliona ua lake kwa karibu. Kuelekea mwisho wa mwaka, nenda kabla ya magharibi uangalie matawi ya chini. Tumba huning'inia peke yake kwenye kikonyo kirefu, la mviringo, la kijani. Giza likikaribia hupasuka, na usipokuwa makini litakupita. Petali tano nyeupe, nzito, zilizokunjamana, hujipindua kurudi juu, na chini yake hubaki rundo la stameni lililoviringana kama pafu la kupakia poda. Harufu yake si ya kupendeza, kwa kuwa haikuwekewa sisi. Imewekewa popo wala matunda, ndio wanaokuja usiku kunywa mbochi na kuondoka na chavua usoni. Kesho yake ua linageuka hudhurungi na kuanguka. Ninyi mnaookota yale yaliyoanguka mkayapiga asubuhi, mnapiga mabaki. Keti chini, elekeza simu juu ili anga la jioni liwe nyuma ya ua, na uwahi.

Niseme kuhusu upepo, maana sisi wa pwani hatuwezi kuukimbia. Msimu wa kusi unavuma siku nzima, na kaskazi nayo ina vumbi lake. Asubuhi mapema, kabla upepo wa bahari haujaamka, ndipo maua hutulia. Ukiwa na kamera, kasi ya kupiga isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, na upepo ukizidi nenda 1/500, hata kama itabidi ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande. Ukiwa na simu, piga mfululizo, kisha uchague. Kikonyo kikicheza sana, kichomekee kijiti pembeni ukibane kwa kibanio cha nguo, mahali ambapo picha haifiki. Mimi natembea na vibanio viwili mkobani daima.

Kuhusu kusogea karibu: lenzi kuu za simu nyingi hazioni vizuri kitu kilicho chini ya kama sentimita 10. Picha ikitoka na ukungu katikati, rudi nyuma kidogo, kuza mara 2, uguse mahali unapotaka paonekane. Na ujue unapataka wapi. Chukua bogenvilia, ambayo imejaa Mombasa nzima, kila ukuta. Yale unayoyaita maua yake, ya zambarau na machungwa, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kitu chembamba cheupe kilichosimama katikati, na kwa kawaida huwa matatu, kila moja na jani lake. Siku nilipoyaona nilikaa pale ukutani mpaka jirani akatoka kuniuliza kama nimepoteza kitu. Weka fokasi kwenye yale matatu meupe, rangi iliyobaki iache iyeyuke nyuma. Ukiwa na kamera, tundu la lenzi lililofunguliwa sana, f/2.8, litakuyeyushia kila kitu, lakini kwa ukaribu ule hata ua lenyewe litapotea. Tundu dogo zaidi, f/8, hukupa sehemu kubwa zaidi ya ua.

Mahali pa kujifunzia napo wengi hupatafuta mbali. Wauza miche wa kando ya barabara wana maua kuliko bustani nyingi. Salimia, omba ruhusa, nunua hata mche mmoja, utaachwa upige unavyotaka. Siku ya jua kali nenda Haller Park kule Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu, mpaka René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyokubali kuota. Kwa mpiga picha, mvinje ni neema: majani yake membamba huchuja jua, na chini yake unaweza kupiga hata saa tano asubuhi bila kuunguza ua. Kwingine, mwambie mwenzako akushikie leso nyeupe juu ya ua, nawe utakuwa na mwanga kama huo.

Sasa nina jambo la kuwaambia na sitalilainisha. Acheni kuchuma maua ya watu na ya bustani ili kuyapanga mnavyotaka. Acheni kuyanyunyizia maji saa nane mchana mkasema ni umande. Na acheni kuongeza rangi kwenye programu mpaka haibiskasi ya Mungu ifanane na plastiki ya dukani. Ua lina rangi yake na saa yake, wewe umekwenda kama mgeni. Mgeni hubisha hodi, hungoja. Kijana anayetaka kufika mbali na hana subira ya kukaa mbele ya ua moja tangu limefumba hadi limefunuka, huyo atapiga maua mengi na hatalijua hata moja. Ninalisema kwa ukali kwa sababu nawapenda, na kwa sababu mimi mwenyewe hakuna aliyeniambia mapema.

Kwa hivyo wewe msichana wa Kisauni, chagua ua moja lililo karibu na kwenu, unaloweza kuliendea kwa miguu. Liangalie asubuhi, adhuhuri, na magharibi. Andika saa gani linafumbuka, jua linalifikia upande gani, upepo unaanza lini, ndege chozi anakuja saa ngapi kunyonya. Lipige kila saa hizo, kwa simu hiyo hiyo, mpaka uweze kunitajia saa yake bila kutazama daftari.

Na kamera? Siku itakapofika, kamera iliyotumika pamoja na lenzi ya kupigia vitu vidogo itakutosha. Kabla hujalipa, fungua tundu la lenzi lote, uimulike lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyeupe zilizotambaa ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, nayo hupenda sana unyevu wa pwani yetu; rudisha, usishawishike na bei. Yako ukishaipata, iweke kwenye mkebe unaofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Ukitoka nayo kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache kwenye mkoba uliofungwa kama nusu saa izoee joto la nje, la sivyo kioo kitaloa jasho na saa ya ua lako itapita ukikifuta.