Maswali na majibu: Kikombe kimeanguka au umekiangusha?

Barua za safari hii zimejaa kuanguka. Wengi wenu mnajifunza Kiingereza na mmekwama kwenye maneno ya kuanguka na kuangusha, wala sishangai, maana kamusi humwaga rundo la visawe bila kukwambia kipi kinakaa wapi. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

Swali: Nilitafuta visawe vya "fall" nikapewa drop, tumble, collapse, topple na plunge. Je, naweza kuchukua chochote ili nisirudierudie neno moja kwenye insha?

Hapana, na sababu unaijua tayari kwa Kiswahili. Majani hupukutika, ukuta huporomoka, simu humponyoka mtu, mtoto hutumbukia shimoni. Kote huko ni kwenda chini, lakini hutamsikia mtu akisema ukuta umepukutika au jani limetumbukia kutoka mtini. Kiingereza nacho kina uchaguzi wake.

"Tumble" ni kuanguka huku unabiringika, kama anayeporomoka ngazi, bega linagonga, kisha mgongo, kisha bega jingine. "Topple" ni ya kitu kirefu au kilichorundikwa: kwanza kinayumba, kinainama upande mmoja, halafu chote kinafuata. Rundo la vitabu, mnara, sanamu. "Plunge" ni kushuka kwa kasi, mara nyingi na kuishia ndani ya kitu, hasa maji, na ndilo jirani wa karibu wa kutumbukia.

"Collapse" inastahili uangalifu zaidi. Asili yake ni Kilatini, maneno mawili yenye maana ya kuteleza na pamoja, na maana hiyo bado imo: kitu kinajiangukia chenyewe kwa sababu kilichokuwa kikikishikilia kimeshindwa. Daraja la Tacoma Narrows huko Marekani liliyumbishwa na upepo tarehe 7 Novemba 1940 mpaka likakatika na kuingia majini. Neno lake ni "collapse". Mtu aliyeishiwa nguvu akaanguka palepale aliposimama naye "collapsed", maana hakujikwaa wala hakusukumwa, mwili wenyewe umegoma.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua jiulize kitu kilikuwa kimekaaje kabla ya kuanguka, na kama kuna mkono wa mtu ndani yake. Ukijibu hayo, orodha ya visawe hupungua yenyewe.

Swali: Niliandika "I fell the cup" mwalimu akaweka mstari mwekundu. Kosa liko wapi?

Kosa ni kwamba "fall" ni anguka, na wewe ulitaka angusha. Sisi tunabadilisha mwisho wa kitenzi, mambo yanakwisha: anguka, angusha. Kiingereza hakina mwisho huo, kwa hiyo kinakwenda kutafuta kitenzi kingine kabisa, na kipi hasa kinategemea ulivyoangusha.

Chukua glasi ya maji iliyo mezani. Umeinyanyua, vidole vikalegea, ikaenda chini: "I dropped the glass". Ilikuwa na majimaji ikakuponyoka: "it slipped out of my hand". Hukuishika kabisa, kiwiko kiliigusa tu, ikalala ubavu na maji yakasambaa juu ya meza: "I knocked the glass over". Kiwiko hichohicho kiliisukuma mpaka ukingoni, ikatoka mezani na kuvunjika sakafuni: "I knocked the glass off the table". Ni glasi moja na mtu mmoja, na kila sentensi inamweleza msikilizaji picha tofauti. Hata lawama hubadilika, kwa sababu "it slipped" inaiachia glasi kosa lake, sawa na sisi tunaposema "imeniponyoka".

Lakini usidhani kwamba Kiingereza hakikuwahi kuwa na jozi kama yetu. Kilikuwa nayo, na mabaki yake bado yapo. Kuna kitenzi "fell" kinachojitegemea, chenye maana ya kukiangusha kitu, na wakati uliopita wake ni "felled". Leo hutumika zaidi kwa miti: "they felled the tree", wameukata mti ukaanguka. Ni ndugu wa "fall" tangu Kiingereza cha kale, kama vile "lay" alivyo ndugu wa "lie", na "set" alivyo ndugu wa "sit". Mkanganyiko unakuja kwa sababu "fell" pia ni wakati uliopita wa "fall". "The tree fell" ni mti ulianguka. "They fell trees" ni wao hukata miti. Kwa kikombe, tumia "drop" uwe na amani.

Swali: Fall down, fall over, fall off, fall out of. Mbona sisi tunasema "kuanguka" tu?

Kwa sababu kazi hiyo sisi tunawaachia vitenzi na viambishi, wao wanawaachia vineno vya nyuma. "Fall off" ni kwamba ulikuwa juu ya kitu: paa, baiskeli, farasi. "Fall out of" ni kwamba ulikuwa ndani yake: dirisha, kitanda. Mti huwatatiza wengi, kwa sababu kwetu mtu yuko juu ya mti, ila Mwingereza humwona yuko ndani ya matawi, ndiyo maana husema "fall out of a tree". "Fall over" haihitaji kimo. Kilichokuwa kimesimama sasa kimelala. "Fall down" ni pana zaidi, na kwa mtu aliyesimama inaweza kushika nafasi ya "fall over". Ukiwa na shaka sema "fall from". Haitaeleza mengi, lakini haitakutia aibu.

Swali: "Ameangukiwa na mti" nitaisemaje? Nimejaribu "he was fallen by a tree".

Sentensi hiyo haipo. Kiswahili kinaweza kuchukua anguka, kukiongezea -i- na -w-, kikampa aliyeumia nafasi ya kwanza katika sentensi. Huo ni utajiri wetu, na hausafirishiki. Kwa Kiingereza mti ndio unatangulia: "a tree fell on him". Ukitaka sana kuanza na mtu, badilisha kitenzi: "he was hit by a falling tree".

Swali: Nimeanguka mtihani. Je, ni "I fell the exam"?

"I failed the exam". Pole, na urudie tena.

Hapa kuna mtego ambao ningependa wote muuone: kuanguka kwetu kuna maana ambazo "fall" haina. Mtu aliyeanguka kifafa "had a seizure". Mtu aliyekuangusha, yaani uliyemtegemea akakukosesha, "let you down". Ukimwambia rafiki "you dropped me", ataelewa kwamba amekuacha nje ya timu, au kwamba amekushusha garini mahali fulani, na huzuni yako haitamfikia. Nao wana maanguko yao tusiyo nayo. "Fall asleep" ni kupitiwa na usingizi, "fall ill" ni kuugua, "fall out" na mtu ni kukosana naye, na mpango ambao "fell through" ni mpango uliokwama usifanyike.

Swali: Trip, slip na stumble zinatofautianaje?

Jikwaa, teleza, pepesuka. Katika "trip" mguu umekutana na kitu. Katika "slip" mguu umekosa pa kushika. Katika "stumble" hatua imeharibika, na huenda usianguke kabisa. Ukimkata mtu ngwala, hiyo nayo ni "trip": "he tripped me".

Swali: Kwenye ndondi, knockdown na knockout si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na anayetangaza au kuandika habari za ngumi akivichanganya ameandika matokeo yasiyo ya kweli. "Knockdown" ni bondia kupigwa ngumi, kisha sehemu yoyote ya mwili isiyokuwa nyayo ikagusa ulingo. Mwamuzi anaanza kuhesabu. Akisimama na kuwa tayari kabla ya kumi, pambano linaendelea. Asipoweza, ni "knockout" na pambano limekwisha. Zile sekunde kumi zimo tangu kanuni za ndondi za Queensberry za mwaka 1867.

Mifano miwili mizuri inamhusu Muhammad Ali. Tarehe 8 Machi 1971 jijini New York, Joe Frazier alimpeleka chini kwa ngumi ya kushoto katika raundi ya 15. Ali aliinuka, akamaliza pambano, akashindwa kwa pointi: "knockdown" bila "knockout". Tarehe 30 Oktoba 1974 jijini Kinshasa, yeye ndiye aliyemwangusha George Foreman katika raundi ya 8, na hesabu ikammaliza Foreman: "knockout".

Kuna neno la tatu ambalo watazamaji hulisahau. Bondia akianguka kwa kuteleza au kusukumwa, bila ngumi, mwamuzi hupunga mikono na kusema "slip", na hakuna kuhesabu. Mtu yuko chini vilevile, lakini kilichomshusha kimebadili neno, na pamoja na neno, pointi.

Swali: Kugongwa na gari ni "knocked down" au "run over"?

Tafadhali mkizingatie hiki mnaoandika taarifa za ajali. "Hit by a car" ni kugongwa, basi. "Knocked down by a car" ni kugongwa ukaanguka. "Run over" ni magurudumu kupita juu yako. Mtu aliyechubuka kiwiko ukimwandikia "run over", ndugu zake wanaosoma wakiwa mbali wataanza kulia kabla hawajapiga simu. Anza na "hit", kisha ongeza unachokijua kwa hakika.

Swali: Knock down, pull down, demolish, raze. Yote ni kubomoa?

Yote yamo humo, ila "demolish" ni rasmi, ya mipango na mitambo, na "knock down" na "pull down" ndizo za mazungumzo. "Raze" ni kali kuliko zote: kusawazisha na ardhi pasibaki kitu. Ni ndugu wa "razor", wembe, kwa hiyo fikiria kichwa kilichonyolewa. Angalia usiiandike "raise". Matamshi ni yaleyale kabisa, lakini "raise" ni kuinua. Kosa hilo la tahajia litakufanya useme mji umeinuliwa wakati umeteketezwa.

Sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, ilikutwa na mambo kadhaa siku moja huko Bristol, Uingereza. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji waliiangusha kwa kamba, wakaibiringisha hadi bandarini, wakaitumbukiza majini. Kwa Kiingereza: "they pulled it down, rolled it to the harbour and pushed it in". Magazeti yalipenda "toppled", na ni sahihi, kwa kuwa sanamu ni kitu kirefu kilichokuwa kimesimama.

Hapohapo, msidanganywe na "fall" ya historia. "The fall of Constantinople", 29 Mei 1453, ni kutekwa kwa mji. "The fall of the Berlin Wall" ni usiku wa 9 Novemba 1989, mipaka kati ya Berlin Mashariki na Berlin Magharibi ilipofunguliwa. Ukuta wenyewe ulikuwa bado umesimama sehemu kubwa, na serikali ya Ujerumani Mashariki ilianza kuubomoa rasmi Juni 1990. Kilichoanguka usiku ule ni amri yake.

Swali: Bei "fell by 10" na "fell to 10" zina tofauti?

Kubwa. Kilichokuwa 50 kikishuka "by 10" kimebaki 40. Kikishuka "to 10" kimebaki 10. Ni "kwa" na "hadi". Ikiporomoka ghafla, sema "plummeted". Neno hilo limetokana na kipande cha madini ya risasi kinachofungwa kwenye uzi, yaani timazi ya fundi mwashi au bildi ya baharia, na ukikiachia unajua kinavyokwenda.

Swali: Kuna neno moja la Kiingereza la kupopoa matunda?

Silo ninaloweza kukupa. Utasema kwa maneno mengi: "to knock fruit down by throwing stones at it". Kuangua kwa kijiti nako ni "knock down", na ajabu ni kwamba angua hiyo ndiyo mzazi wa anguka yenyewe.

Wao lakini wana neno la tunda ambalo hakuna aliyelipopoa. Upepo umevuma usiku, asubuhi unalikuta chini: "windfall". Tangu karne ya 16 wamelitumia pia kwa mali inayomjia mtu bila kuitarajia wala kuitolea jasho, na hapo Kiswahili kina neno la kulipokea bila kupindapinda: ngekewa.