Karafuu ndani ya chupa ya bangi

SWALI: Shikamoo Maalim. Mimi mtu wa Wete, sasa niko Denver, Colorado, ambako tangu 2014 bangi inauzwa dukani kwa leseni. Kazi yangu ni kufungua chupa wateja wanuse. Juzi nilifungua moja, nikajiona niko uani kwa bibi, karafuu zimeanikwa majamvini. Iliyofuata ilinuka kicheche mtupu, na ndiyo iliyogombaniwa! Wanasema inayonuka zaidi ndiyo kali zaidi. Kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pua yako haikukudanganya. Kwenye mafuta ya karafuu mwenye nyumba ni eugenoli, lakini yumo mpangaji aitwaye kariofilini, na huyohuyo yumo kwenye pilipili manga na kwenye bangi. Jina lenyewe limetokana na Caryophyllus, jina la kale la mkarafuu. Hata mbwa wa polisi wanamfuata: mwaka 1973 wanakemia wawili walionyesha kuwa kinachowaongoza mbwa kwenye hashishi, yaani utomvu wa bangi, ni oksidi ya kariofilini. THC, ile inayolevya, haina harufu.

Kariofilini ni wa ukoo wa terpini, vile viungo vya harufu vya mimea, pamoja na limonini ya ganda la chungwa na pineni ya msonobari. Harufu ya kicheche haitoki ukoo huo. Miaka mingi tulimsingizia mirsini, terpini mwingine, mimi nikiwemo darasani. Mwaka 2021 wanakemia wa Marekani wakamkamata mhusika: thioli, kiungo chenye salfa, kidogo mno ukilinganisha na terpini, ila pua zetu hazikisamehi. Bia ikiachwa juani kwenye chupa ya kijani hutoa kitu hichohicho.

Sasa ukali. Terpini huruka upesi, THC hubaki. Chupa unayoifungua kutwa nzima itanuka hafifu ikifika jioni, na atakayeinunua akidhani imepoa atajuta.

Hata hivyo usiwacheke wanaochagua kwa pua. Utafiti uliochapishwa 2022 huko Marekani ulikuta kwamba walioipenda harufu ndio walioifurahia bangi yenyewe. Wingi wa THC haukutabiri hilo.

Na hiyo yenye harufu ya karafuu, ukimpigia bibi simu usimhadithie. Huku kwetu bado ni jela, naye atajua tu umeinusa wapi.