Steki kwenye kikaango cha nonstiki huanzia buchani

Ukitafuta ushauri wa kukaanga steki utaambiwa kwanza ununue kikaango kizito cha chuma. Kama unacho, sawa. Kama una cha nonstiki, kama ilivyo kwa wengi wetu hapa Dodoma, pika. Steki ngumu na ya kijivu mara nyingi hutokana na nyama yenyewe, tena kabla haijafika jikoni.

Ng'ombe wetu wengi ni zebu wanaotembea mbali kutafuta majani katika nchi hii kavu. Nyama yao ni tamu sana, ila ina mafuta machache na misuli iliyofanya kazi. Tena tunainunua asubuhi, ng'ombe akiwa amechinjwa usiku huohuo, misuli bado imekakamaa. Ndiyo maana steki ya Jumamosi nainunua Alhamisi. Ikikaa kwenye friji siku mbili, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huilainisha, na huo ndio ulaini ambao hakuna kiungo kitakachokupa. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, usibahatishe: ipike mchuzi mapema.

Buchani usiseme tu "steki", maana utapewa mnofu wowote. Mwonyeshe sarara au fileti kwa kidole, umwombe akate kwa kisu kukingama na nyuzi za nyama, unene wa kama sentimita 2 na nusu. Na angalia mhuri wa ukaguzi.

Sasa maji. Nyama huanza kushika rangi ya kahawia kwenye nyuzijoto 140 hivi, na huko ndiko ladha iliko. Lakini maji hayapandi hadi huko. Kwetu Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi. Nyama yenye maji juu yake itachemka tu. Kama huwezi kula nyama isiyooshwa, ioshe siku uliyoinunua, uiache kwenye friji bila kuifunika, ikae mbali na vyakula vingine. Kabla ya kukaanga, ifute kwa kitambaa safi mpaka kisilowe tena. Chumvi itie dakika 40 kabla, au papo hapo inapoingia kikaangoni. Katikati ya hapo chumvi huwa imevuta maji nje na hayajarudi ndani.

Kwenye moto sina masihara. Utando wa nonstiki huanza kuharibika ukipita nyuzijoto 260 hivi, na kikaango kitupu juu ya moto mkali hufika huko kwa dakika chache. Mvuke wake una madhara, na huua ndege wanaofugwa ndani. Kwa hiyo weka moto wa wastani, pakaza mafuta kidogo kabla ya kuwasha, na fungua dirisha. Jiko la gesi ni bora kuliko mkaa, kwa sababu mkaa hauupunguzi kwa kugeuza kitufe. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa yanafaa. Yale ya kukamua ya Singida nayapenda mno kwenye mboga, ila hutoa moshi mapema.

Kaanga kipande kimoja au viwili, usivibananishe wala kuvikandamiza. Nageuza kila baada ya dakika moja kwa mwiko wa mbao. Kwa moto huu wa wastani, kugeuza mara kwa mara huivisha pande zote sawasawa, na dakika 8 hadi 10 hutosha kwa unene huo. Nyama yenye damu siishauri, kwa sababu ya minyoo ya tegu. Ukiwa na kipimajoto, katikati ifike nyuzijoto 63, kisha iache ipumzike dakika 5.

Ikatie kwenye ubao, kamwe si ndani ya kikaango. Na kikaango chenyewe kipoe kwanza ndipo ukitie maji.