Pete ya pistoni: ina mwanya au ina pengo?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu injini za magari ya mwanzo. Nimeandika: "Mchi huvimba kwa joto, kwa hiyo ringi yake huachiwa pengo." Mhariri amezungushia duara maneno manne: mchi, huvimba, ringi, pengo. Mimi naona sentensi imenyooka. Kosa liko wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mhariri wako ana haki kwa maneno matatu. Kwa ringi, amekuonea kidogo.

Tuanze na mchi, maana hapo hukukosea kijinga. Pistoni ni kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, yaani tundu la mviringo la injini. Neno hilo asili yake ni Kitaliano, pistone, nalo limetokana na kitenzi cha kutwanga. Kwa hiyo pistoni na mchi wa kinu ni ndugu wa mbali. Lakini msomaji akikuta "mchi" anaona kisamvu, haoni injini. Fundi anasema pistoni, kamusi inasema pistoni, andika pistoni.

Ringi ndilo neno la gereji, na ukimnukuu fundi liache lilivyo. Katika maelezo yako mwenyewe ningechagua pete, kwa sababu kwa wengi ringi ni ile ya gurudumu la baiskeli. Ila usidhani hizi ni chanda na pete. Pete ya kidole hukishika kilichomo ndani yake. Ya pistoni hukaa imelegea ndani ya mfuo uliochongwa kuizunguka pistoni na kusukuma kwenda nje, ikibana ukuta wa silinda. Ikigandishwa na masizi ikashindwa kucheza, gari linaanza kula oili.

Ubanaji huo ndio uliomsumbua John Ramsbottom, mhandisi wa reli wa Uingereza, miaka ya 1850. Kabla yake pistoni za injini za mvuke zilizungushiwa nyuzi za katani zilizolowekwa mafuta, na zilichakaa upesi. Yeye alitumia pete ya chuma iliyokatwa mahali pamoja, pana kidogo kuliko silinda. Ukiibana ikaingia, inataka kurudi ilivyokuwa, na kule kutaka kurudi ndiko kunakoziba. Magari yalipokuja, yalirithi wazo hilohilo.

Sasa "huvimba". Jipu huvimba, na mguu uliotegukwa pia. Chuma kikipata joto hutanuka. Tofauti hii si ya urembo, kwani wabunifu wa zamani waliumiza vichwa juu ya kutanuka. Pistoni za magari ya mwanzo, zikiwamo za Ford Model T ya 1908, zilikuwa za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu: nzito, lakini zilitanuka karibu sawa na silinda yake. Mwaka 1913 W.O. Bentley, Mwingereza ambaye baadaye alianzisha kampuni ya magari ya Bentley, alitembelea kiwanda cha magari ya DFP nchini Ufaransa, akaona mezani kidude cha kukandamizia karatasi chenye umbo la pistoni, cha alumini. Akaagiza pistoni za kweli za alumini, iliyochanganywa na shaba. Injini ikawa nyepesi na yenye kasi zaidi. Tatizo ni kwamba alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Ukiiachia pistoni nafasi ndogo kati yake na ukuta wa silinda, inakwama ikipata moto. Ukiiachia kubwa, asubuhi injini ikiwa baridi utaisikia ikigonga.

Neno nililolifurahia zaidi ni la mwisho. Pengo ni jino lililong'oka: kitu kilikuwapo, sasa hakipo. Mwanya ni nafasi ya kuzaliwa nayo kati ya meno, na kwetu ni sifa ya uzuri. Pale pete ilipokatwa hapana kilichopotea. Nafasi imeachwa makusudi, kwa hiyo ni mwanya. Kwa silinda ya kipenyo cha milimita 100, huwa kama milimita 0.3 au 0.4. Fundi huipima kwa kuingiza pete peke yake ndani ya silinda, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha akapitisha kipande chembamba cha bati la kupimia kati ya ncha mbili. Zikikosa nafasi, zitagusana kwenye joto na pete itavunjika au ikwaruze ukuta.

Basi iwe: "Pistoni na pete zake hutanuka kwa joto, kwa hiyo kila pete huachiwa mwanya." Na kama makala inaendelea kueleza namna ya kuzivisha, wingi wake ni mianya, nayo haipangwi mstari mmoja, gesi isije ikapata njia ya mkato.