Kabla ya Kuchora Ramani ya Uoto wa Asili, Yajue Kwanza Majina Yake

Ramani yangu ya kwanza ya uoto wa asili katika ukanda wa Masito, kusini mwa mto Malagarasi mkoani Kigoma, ilikuwa na rangi nne tu: msitu mnene, miombo, nyasi na mashamba. Niliibandika ukutani katika ofisi ya mtendaji wa kijiji nikiwa na fahari ya mtu aliyekesha wiki nzima mbele ya kompyuta. Mzee mmoja wa Kitongwe, mrina asali aliyekuwa mjumbe wa kamati ya maliasili, aliitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole mahali nilipopaka rangi ya miombo, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na miti ya mtoni umeiweka wapi?"

Sikuwa nimeiweka popote. Pale kidole chake kilipotua pana kijito ambacho hakikauki, na pande zake mbili umesimama msitu wa kijani usiopukutisha majani, wenye upana wa mita 40 hivi, ambamo sokwe mtu hujenga viota vyao na kijiji huchota maji mwezi wa Septemba visima vinapokuwa vimekauka. Kompyuta ilikuwa imeumeza msitu huo wote ndani ya miombo inayouzunguka. Tangu siku hiyo nimefanya kazi hii Uvinza na Kasulu mkoani Kigoma, na Sikonge na Kaliua mkoani Tabora, na ushauri ninaoutoa hapa kwa maofisa maliasili, wanafunzi na vijana wa asasi za mazingira unatokana zaidi na makosa kuliko mafanikio. Kiini chake ni kwamba jamii ya mimea isiyo na jina kwenye ramani haiwezi kuhesabiwa kuwa inapungua, na isiyohesabiwa haipewi kipaumbele hata ikibaki ekari moja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la vipimo. Picha za setilaiti za Landsat, ambazo tangu mwaka 2008 hupatikana bila malipo, zina pikseli, yaani vile vigae vidogo vinavyounda picha, zenye ukubwa wa mita 30 kwa 30 ardhini. Msitu wa mtoni wenye upana wa mita 40 hauwezi kujaza pikseli mbili, kwa hiyo karibu kila pikseli inayouangukia huchanganya miti ya mtoni na miombo ya kando yake, na programu huamua kwa kufuata wingi. Picha za Sentinel-2, zilizoanza kupatikana mwaka 2015, zina pikseli za mita 10, nazo zimeniokoa mara nyingi. Hata hivyo usizitupe zile za Landsat, kwa sababu bila picha za miaka ya 1980 huwezi kusema lolote kuhusu kilichopotea. Utaratibu ninaoufuata sasa ni kuchora hali ya leo kwa picha kali, kisha kurudi nyuma kwa picha hafifu nikiuliza swali dogo zaidi: mahali hapa, ambapo leo ninajua pana nini, wakati ule palikuwa na miti au hapakuwa na miti?

Kosa la pili lilikuwa la msimu, na hili huwakumba watu wengi wanaofanya kazi wakiwa mbali na pori. Nilichagua picha ya mwezi wa Aprili kwa sababu ilionekana ya kijani na nzuri. Mwezi huo Kigoma na Tabora kila kitu ni kijani: nyasi, mahindi, miombo, vichaka na misitu ya mitoni. Chagua badala yake picha za mwezi wa Julai hadi Agosti, wakati miombo mingi imepukutisha majani au inaelekea kupukutisha, ili misitu isiyopukutisha ijitokeze kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Kisha tafuta picha nyingine ya mwisho wa Septemba au Oktoba, miombo inapotoa majani mapya yenye wekundu wa shaba kabla hata mvua haijanyesha, kwa kuwa wekundu huo husaidia kuitenganisha na miti mingine. Jihadhari na moto. Pori lililoungua mwezi wa Agosti huonekana jeusi kwenye picha, na mtu asiye na uzoefu atalihesabu kuwa limefyekwa. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka taarifa ya "ukataji" ambao, nilipofika kwa pikipiki, niliukuta umeshaota majani na ndege wameshahamia.

Baada ya picha huja majina, na hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu watu wengi hupita haraka mahali ambapo kazi yenyewe imelala. Neno miombo limetokana na jina la mti mmoja, muyombo, ambao wataalamu huuita Brachystegia boehmii, lakini siku hizi tunalitumia kwa kila pori lenye miti mirefu kuanzia Kigoma hadi Lindi. Mrina asali wa Sikonge hawezi kukubali uzembe huo. Kwake pori la mtundu, yaani Brachystegia spiciformis, si sawa na pori la muyombo, kwa sababu miti hiyo haitoi maua kwa pamoja na haisimami kwenye udongo wa aina moja. Muyombo huvumilia ardhi ya changarawe yenye kina kifupi, ilhali mtundu hupenda udongo wenye kina. Mikusu ikiwa mingi atakuambia ardhi imechoka. Migunga ikianza kuonekana atakuambia mbuga iko karibu, naye anaposema mbuga hamaanishi hifadhi ya wanyama bali bonde la udongo mweusi linalofurika masika na kupasuka nyufa kiangazi.

Mpangilio huo wa kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni si siri ya wazee peke yao. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, mkoani Tanga, aliupa jina la katena katika miaka ya 1930, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, baada ya kuona kwamba udongo wa Afrika Mashariki hubadilika kwa mfuatano uleule kila unaposhuka mteremko, na mimea hubadilika pamoja nao. Wasukuma na majirani zao walikuwa na majina ya hatua za mnyororo huo, kama luseni kwa udongo wa kichanga na mbuga kwa ule mweusi wa bondeni, muda mrefu kabla Milne hajafika. Kwa hiyo ukifika kijijini usianze na orodha yako ya madaraja uliyoitoa chuoni. Omba mzee mmoja na mama mmoja anayechanja kuni na kuchuma uyoga wakutembeze kutoka mgongoni hadi bondeni, na kila pori linapobadilika jina, simama, chukua majira ya GPS na uandike jina hilo pamoja na lugha yake. Nasisitiza lugha, kwa sababu jina la mti katika Kiha linaweza kuwa la mti mwingine kabisa katika Kinyamwezi, na nimewahi kupoteza siku 3 nikitafuta mti ambao tayari nilikuwa nimeegemea.

Ndipo upime. Mimi hutumia ploti, yaani vipande vya ardhi vya kupimia, za mita 20 kwa 50, kila mti wenye kipenyo cha kuanzia sentimita 5 ukipimwa kwenye urefu wa mita 1.3, pamoja na visiki, alama za moto na miche. Hesabu ya miche ndiyo itakayokuambia kama jamii hiyo ya mimea ina kesho. Usiweke ploti kando ya barabara kwa sababu tu gari linafika, wala usiruke vichuguu. Kichuguu kikubwa katika miombo huwa na vichaka vyake chenyewe, na ingawa hakitaonekana kwenye ramani, kinastahili kuandikwa.

Kuhusu kupanga vipaumbele, Tabora ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mkoa una zaidi ya kilomita za mraba 76,000, na kwa miaka mingi umekata miombo kwa ajili ya mashamba ya tumbaku na kuni za kukaushia majani yake. Urambo ilishafyekwa kwa matrekta mwishoni mwa miaka ya 1940, ulipokuja ule mradi wa karanga wa Waingereza, na anayepita huko leo anaweza kujifunza tofauti iliyo muhimu kuliko zote katika kazi hii. Miombo iliyokatwa kwa shoka huchipua kutoka kwenye visiki na mizizi, na ikiachwa bila moto mkali hurudi kuwa pori ndani ya miongo michache. Miombo iliyong'olewa visiki na kulimwa mfululizo hairudi hivyo. Shamba lililotelekezwa lenye machipukizi yanayomzidi mtu kimo lisihesabiwe pamoja na shamba la trekta, hata kama yote mawili yanaonekana ya manjano kwenye picha. Halafu kuna jamii za mimea ambazo hata shoka huzimaliza. Misitu ya mitoni ni mojawapo. Vile vichaka vizito vya Itigi, mashariki ya Tabora upande wa Singida, ambavyo hupatikana huko na kaskazini mwa Zambia tu, ni mfano mwingine. Mtu aliyezoea miombo huviona kama pori lisilo na faida kwa kuwa havitoi mbao, naye huvitoa kafara akidhani ameokoa msitu.

Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, una vigezo vya kuorodhesha mifumo ikolojia iliyo hatarini, vilivyopitishwa mwaka 2014. Kwa kigezo cha kupungua kwa eneo, mfumo uliopoteza angalau asilimia 30 katika miaka 50 huingia daraja la kwanza la hatari, asilimia 50 la pili, na asilimia 80 la juu kabisa. Vipo pia vigezo vya udogo wa eneo, kuharibika kwa mazingira na kuvurugika kwa maisha ya viumbe. Jambo ninalolipenda katika utaratibu huo ni kwamba alama hazijumlishwi: daraja baya kuliko yote ndilo linalobaki. Nimekaa katika vikao ambavyo kila jamii ya mimea ilipewa alama za ukubwa, uzuri, utalii, barabara na kadhalika, kisha zikajumlishwa, na miombo mikubwa isiyo na tatizo lolote ikaongoza huku msitu wa mtoni uliobaki vipande 6 ukishika nafasi ya mwisho. Kujumlisha huko kunaonekana kuwa ni haki, lakini kunazawadia ukubwa. Hata hivyo, usivinakili vigezo vya IUCN vya udogo wa eneo na kuvibandika kwenye wilaya moja, kwa maana vimekusudiwa kupima mfumo mzima popote ulipo, na ukivitumia ndani ya mipaka ya Uvinza karibu kila kitu kitaonekana kinakufa.

Baada ya kujua kilicho hatarini, uliza kinachookoleka, na hapa sheria zetu ni nzuri kuliko tunavyozitumia. Sokwe mtu wengi wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa za Gombe na Mahale, na sehemu kubwa ya misitu ya mitoni wanayoitegemea iko kwenye ardhi za vijiji, ambako kijiji kinaweza kutenga hifadhi yake chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na kuiingiza katika mpango wa matumizi ya ardhi unaopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ninapofika na ramani, mita hizo 60 huwa tayari zimechorwa, kwa kuwa Kigoma sasa kila mtu anataka kupanda michikichi, nayo hupenda mabonde yenye unyevu yaleyale. Mkulima akiiona mipaka kabla ya kununua miche atanung'unika tu. Akiiona baada ya kupanda, utakuwa umejitafutia kesi. Ramani iwe imefika kijijini kabla ya msimu wa mashamba mapya, na nakala ya karatasi, si ya simu, ibaki kwa mtendaji.

Jambo la mwisho linahusu kile usichopaswa kukichapisha. Miaka kadhaa iliyopita niliikabidhi ofisi moja ramani yenye nukta za kila mkurungu mkubwa niliokuta katika ploti zangu, nikidhani ukamilifu ni sifa. Mkurungu, Pterocarpus tinctorius, uliwindwa sana kwa ajili ya mbao zake nyekundu, hata ukaingizwa mwaka 2019 katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Niliporudi kwenye ploti hizo baada ya msimu mmoja, nilivikuta visiki 9 kati ya miti 14 niliyokuwa nimeiwekea nukta, na ile ambayo sikuiwekea ilikuwa imesimama. Siwezi kuthibitisha nani alimpa nani faili. Tangu hapo ramani ninazozitoa huonyesha mipaka ya jamii za mimea tu, na majira ya mti mmoja mmoja yamo katika daftari lenye jalada la kijani linalokaa nyumbani kwangu Mwanga, ndani ya sanduku la bati.