Re: Tunahamia Winnipeg Januari, makoti ya watoto tununue Dar?

Dada, usinunue. Koti la Dar ni la kwendea Lushoto. Huku Januari baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri haishangazi mtu, na watoto shule wanakwenda.

Njooni na sweta na soksi, kesho yake nendeni duka la mitumba (ndiyo, hata Kanada mitumba ipo) mkachukue makoti, suruali za theluji, buti na zile glavu ambazo vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake. Glavu chukua jozi mbili mbili. Wanangu walipoteza tano msimu mmoja, zote za mkono wa kushoto, sijui kwa nini.

Mapumziko ya shule watoto hucheza nje kwenye theluji. Mimi mwaka wa kwanza nilimgombeza mwalimu, nikaja kuaibika. Wakivaa vizuri hawadhuriki, na baridi ikizidi sana huwekwa ndani.

Kinachosumbua zaidi ni ukavu. Hita inakausha hewa, pua zinatoka damu, midomo inapasuka. Mimi huacha sufuria ya maji ichemke taratibu jikoni, na mafuta ya mgando hayakauki mezani.

Mkipata gari mtaona waya wa umeme unaning'inia mbele, ni wa kupashia injini joto. Chomekeni usiku, la sivyo asubuhi injini inaweza isiwake.

Giza nalo: Desemba jua linazama saa kumi na nusu. Baba watoto alikuwa anadai chakula cha usiku saa kumi na moja!

Unga wa ugali usibebe, upo. Kanga beba, hata tano.